Umbo la Tone Lije Mwisho: Hotuba kwa Wanaoanza Kupanga Remorke ya Kulala

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya vijana wa ufundi, wazazi wao na majirani katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi. Wengi walioikosa waliomba kuisoma, kwa hiyo tunaiweka yote. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.)

Wazee wetu, bamama, bababa, vijana wa atelie, na ninyi wanafunzi mliosimama kule mlangoni: jambo yenu. Ingieni, viti vipo huku mbele. Viti vya mbele havina kodi.

Nimeombwa kusema juu ya remorke ndogo ya kulala, ile yenye umbo la tone la maji. Mbele imeviringika, nyuma inashuka taratibu. Ndani kuna kitanda cha watu wawili, hakuna kingine. Nyuma kuna mfuniko mkubwa unaoinuka, na chini yake ndiyo jiko. Wengi wenu mmeiona kwenye simu: inavutwa na gari dogo, imepakwa rangi mbili, mume na mke wamekaa nje wanakunywa chai. Mkajiambia, hii naweza kuitengeneza mwenyewe. Ni kweli, unaweza. Anayejua kupima, kukata mbao na kumtafuta sudere mwaminifu, fundi wa kuchomelea chuma, anaweza. Katika mji huu wa Lubumbashi, ambako mtoto anakua akisikia nyundo kabla ya kujua kusoma, mikono haijawahi kuwa tatizo.

Tatizo ni mpangilio. Nikimuuliza mtu anayeanza, "Umefika wapi?", ananitolea mchoro wa ubavu. Mkunjo mzuri, dirisha la duara, rangi keshachagua. Gari litakaloivuta ni lipi? Bado. Watalala wangapi? Tutaona. Itakuwa na uzito gani? Kimya.

Basi leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: umbo lije mwisho. Anza na yale ambayo huna uwezo wa kuyabadilisha. Gari ulilo nalo huwezi kulibadilisha. Urefu wa mwili wako huwezi kuubadilisha. Kipimo cha ubao unaouzwa dukani huwezi kukibadilisha. Na barabara ya kule unakotaka kwenda, hiyo ndiyo kabisa. Hivyo vinne vikishajulikana, remorke karibu yote imeshajichora, na mkunjo unaoupenda utapata nafasi yake ndani ya kile kilichobaki.

Tuanze na gari. Kijana mmoja wa Kampemba alikuja atelie na mchoro wa remorke ya mita tatu na nusu. Alitaka kujua jambo moja tu: tubu kare ya fremu, lile bomba la chuma la pembe nne, iwe ya milimita ngapi? Nikamuuliza gari. Akanionyesha nje: gari dogo la injini ya lita moja, usukani kulia, lile linalotoka Japani likiwa limeshatumika. Tukatafuta kitabu chake. Vijana, nani hapa amewahi kusoma kitabu cha gari lake? Naona mikono miwili, na mmoja wenu ni dereva wa kazi, kwa hiyo hesabu ni mmoja. Kitabu cha gari, au bamba la mtengenezaji, ndicho kinachosema gari linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi, likiwa na remorke yenye breki zake au isiyo na breki. Na magari mengi madogo ya aina ile mtengenezaji hakuyapa ruhusa ya kuvuta kitu chochote. Kijana alikasirika. Alidhani ninamfukuza. Baada ya muda alirudi na pikapu ya mjomba wake, na mchoro mpya, mfupi kuliko wa kwanza. Remorke ikawa nyepesi, mjomba akapata haki ya kuitumia, na mambo yakaenda.

Kwa kipimo, remorke ndogo ya tone iliyotengenezwa kwa akili ina uzito wake yenyewe wa kilo 350 hadi 500, bado hujaweka hata sahani. Huko Ulaya remorke isiyo na breki zake haipaswi kupita kilo 750 pamoja na mzigo, na hata hizo 750 zinaruhusiwa tu kama hazizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta. Mimi kipimo hicho cha nusu nakipenda hata pale ambapo hakuna anayenilazimisha. Kuhusu namba, bima na karatasi za hapa kwetu, nenda ukaulize ofisini na kwa polisi wa barabara kabla hujakata chuma. Kabla, nimesema. Mtu akishachomelea tayari anauliza kwa sauti ya kuomba, na kila mmoja anajua sauti hiyo inagharimu kiasi gani.

Jambo dogo la gari ambalo watu wanalidharau: magurudumu. Kama inawezekana, remorke ivae rimu na pine zilezile za gari, matundu ya bolti yaleyale. Hapo pine moja ya akiba inahudumia vyote viwili. Ukipasukiwa njiani ya Kasenga saa tatu usiku, kwado, fundi wa kuziba pine, wa karibu yuko kijiji gani? Na amelala.

Sasa mwili.

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki. Anakwenda Kasenga kwenye mto Luapula, ananunua, anarudi mjini kuuza. Alichoka kulala kwenye vyumba vya kukodi visivyo na kitasa. Yeye na mumewe walitaka remorke ya tone kwa ajili ya kazi, na nasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani ni mchezo wa wazungu wenye likizo. Alikuja atelie na utepe wa gundi, ule wa karatasi wanaotumia wapaka rangi. Akaomba tufagie sakafu. Akabandika mstatili wa upana wa sentimita 122, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye picha. Kisha akamwambia mumewe: "Baba, lala hapa." Wanagenzi wangu wakaanza kucheka. Mzee akavua viatu, akalala. Mama akalala pembeni. Halafu nikawaambia: toeni unene wa kuta, huku na huku, mnabaki na sentimita 118. Wakasogea. Mzee akageuka ubavu, kiwiko kikamkuta mama shavuni. Mama akainuka akasema, "Hapa mmoja wetu atalala nje, na ninamjua ni nani."

Wakachagua upana wa sentimita 152. Uamuzi huo uliwagharimu utepe na dakika chache. Kama wangeugundua baada ya kuchomelea, ungewagharimu fremu nzima.

Lala kwenye sakafu. Kila anayeanza, kabla ya kununua hata msumari, alale kwenye sakafu. Pima ulivyolala. Halafu kaa juu ya godoro na upime kutoka sakafuni hadi utosini. Kwa nini? Boksi la urefu wa sentimita 122 kwenda juu, ukitoa sakafu na dari, linakuachia kama 115. Godoro la sentimita 10, unabaki na 105. Mtu mzima akikaa anachukua 85 hadi 95. Inatosha, lakini inatosha mahali pamoja tu: pale ambapo mkunjo umefika juu kabisa. Sasa jiulize, ukiamka usiku ukakaa, kichwa chako kiko wapi? Hakiko katikati ya remorke. Kiko pale kiuno kilipo, kwa sababu ulipoinuka kiuno hakikuhama. Kilele cha mkunjo kinapaswa kuwa juu ya kiuno cha aliyelala. Mnaona? Mwili umeanza kuchora umbo, na sisi bado hatujagusa kalamu.

Mzee yule ni mrefu, 186. Miguu yake tuliipitisha chini ya kabati la jiko. Ndivyo zinavyotengenezwa tangu zamani: kabati la nyuma linaning'inia juu ya miguu ya waliolala, na kwa upande wa pili mpishi anafungulia vyombo vyake.

Nasikia mtu ananong'ona: na watoto? Remorke ya tone ni ya watu wawili. Watoto ni hema, pembeni, na kamba. Anayekwambia familia ya watu saba italala ndani ya tone anakuuzia basi.

Ubao nao una historia yake, nitaipitisha haraka. Remorke hizi zilianza Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya uchumi, watu wakizitengeneza nyuma ya nyumba zao. Magazeti ya ufundi yalichapisha michoro, na baada ya vita kuisha mwaka 1945 zikaongezeka sana, kwa sababu alumini ilipatikana na magurudumu ya jipu za jeshi pia. Miaka ya 1960 zikasahaulika, miaka ya 1990 zikafufuliwa. Na kwa nini nyingi zina urefu wa sentimita 244 na kimo cha sentimita 122? Kwa sababu hicho ndicho kipimo cha ubao mzima wa tripleksi, ule wa matabaka yaliyogandishwa kwa gundi. Ubavu mmoja, ubao mmoja. Ubavu wa pili, ubao wa pili. Hapa Lubumbashi ukienda dukani utapewa kipimo hichohicho. Sasa wewe umechora remorke ya sentimita 250. Umeongeza sentimita 6 za nini? Kila ubavu unahitaji kipande cha kuunganisha, na maungio hayo ndiyo mahali maji yatakapoanza kuingia.

Kabla ya kulipia tripleksi, pima unene mwenyewe. Usiamini namba iliyoandikwa kwa chaki. Kisha omba kipande kidogo kilichobaki, kipeleke nyumbani, kiweke kwenye sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko letu la makala, kichemke saa kadhaa. Mama atakuuliza kama umepoteza akili. Mwambie ni amri ya fundi. Kama matabaka yameachana, gundi yake ni ya mambo ya ndani ya nyumba, na mvua ya kwetu, inayoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, itakuachia kitabu chenye kurasa zilizofunguka. Kama yameshikana, nunua.

Nimefika kwenye uzito, na hapa naomba simu ziwekwe mfukoni. Kama mtasahau mengine yote ya leo, hili msilisahau.

Jamaa wawili walikwenda kuvua Tshangalele, kule Kapolowe, kabla ya kufika Likasi. Remorke yao ilikuwa nzuri. Milango imefunga sawasawa, rangi safi. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaisukuma uani. Asubuhi ya safari walipakia kama kila mtu anavyopakia: jikoni nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kuna mfuniko na ndiko mkono unafika. Bido mbili za maji, yaani madumu, gunia la unga, sufuria. Wakapita peaji, pale pa kulipia barabara, wakashika barabara ya taifa namba 1. Kwenye mteremko lori la madini likawapita. Upepo wa lori ukaisukuma remorke pembeni kidogo. Ikarudi, ikapita upande wa pili. Ikarudi tena, kwa nguvu zaidi. Dereva akakanyaga breki, na hapo ndipo mkia ulipotaka kulipita gari. Waliishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia, na samaki siku hiyo walilala salama.

Kitu gani kilitokea? Njooni tufanye hesabu pamoja. Remorke ina sehemu ya uzito wake inayokandamiza nyuma ya gari, kwenye ile tufe ya chuma ya milimita 50 inayoshika mkono wa remorke. Tuuite uzito wa mkono. Uzito huo unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa remorke. Ukizidi, nyuma ya gari inainama na usukani unakuwa mwepesi. Ukipungua, mkia unacheza.

Tuseme remorke ina kilo 420, na uzito wa mkono ni kilo 50. Hiyo ni karibu asilimia 12, vizuri kabisa. Kutoka ekseli, ule mhimili wa magurudumu, hadi kwenye tufe ni mita 2.4. Sasa pakia jikoni, sentimita 80 nyuma ya ekseli: bido mbili za lita 20, hizo ni kilo 40, na unga kilo 20. Jumla 60. Mzigo ulio nyuma ya ekseli unainua mkono. Unainua kiasi gani? Sitini mara 0.8, gawa kwa 2.4. Nani amepata? Ishirini, safi. Kwa hiyo mkono uliokuwa na kilo 50 umebaki na 30, na remorke sasa ina kilo 480. Thelathini kati ya 480 ni asilimia 6. Hiyo ndiyo iliyowapeleka kwenye majani. Lori lilikuja tu kuwaonyesha.

Chukua mzigo uleule, maji yaleyale, unga uleule, uweke sentimita 80 mbele ya ekseli. Mkono unapanda hadi kilo 70 kati ya 480, chini kidogo ya asilimia 15. Gari linatulia. Hakuna kilichonunuliwa. Hakuna kilichochomelewa.

Sasa, kwa ninyi mnaopanga, hesabu hii inafanyika kwenye karatasi, remorke ikiwa bado haipo. Andika kila kitu: sakafu, ubavu, dari, milango, godoro, batri, maji. Kila kimoja uzito wake, na kila kimoja umbali wake kutoka kichwa cha mkono. Ubao mzima wa tripleksi wa milimita 18 una kama kilo 30, unapungua au kuongezeka kwa kufuata mti wake. Zidisha uzito kwa umbali, jumlisha yote, gawa kwa uzito wote. Umepata nukta ambayo remorke nzima ingesimama ikiwekwa juu ya ukingo mmoja. Ekseli inakaa nyuma ya nukta hiyo. Kwa remorke yenye mita 2.4 kutoka ekseli hadi tufe, nukta iwe sentimita 24 hadi 36 mbele ya ekseli, maana hizo ndizo asilimia 10 na 15. Watu wengi wanaishia na ekseli iliyo kwenye asilimia 60 ya urefu wa boksi ukipima kutoka mbele, na kwa kuanza kuchora ni mahali pazuri. Lakini ni pa kuanzia. Mwenye batri nzito nyuma hawi sawa na mwenye sanduku la batri mbele.

Na remorke ikishasimama, hakikisha. Ilaze sawasawa kwenye ardhi tambarare, weka mizani ya kupimia watu chini ya kichwa cha mkono, soma. Fanya hivyo ukiwa umepakia, asubuhi ya safari. Mizani ya zahanati ya jirani inatosha. Omba kwa adabu.

Na siku mkia ukianza kucheza hata hivyo? Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani unyooke. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kukimbiza gari. Liache lipungue lenyewe. Rudieni nyuma yangu, vijana: ondoa mguu, shika unyooke. Vizuri. Kule nyuma sijawasikia.

Barabara. Lami ya kwenda Likasi na Kolwezi ni kitu kimoja. Ukitaka kuona maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, yenye zaidi ya mita 300 za maji yanayoanguka, lami itakuacha mapema na utabaki na udongo na matuta madogomadogo yanayotikisa mpaka meno. Mtikiso huo unafungua skurubu. Kwa hiyo kila ungio la mbao liwe na gundi na skurubu, na kila nati ya chuma iwe ya kujifunga. Tumbo la remorke liwe juu angalau kama tumbo la gari. Mnyororo wa usalama, minyororo miwili ikipishana chini ya mkono, ili mkono ukichomoka uangukie humo na usichimbe barabara. Taa za nyuma, mara nyingi zikikataa, kosa ni waya wa masi, ule wa kurudisha umeme. Upe waya wake kamili hadi kwenye gari, usitegemee tufe kupitisha umeme.

Halafu vumbi. Mama wa samaki aliporudi kutoka Kasenga mara ya kwanza, alifungua mfuniko wa jiko akakuta kila kitu chekundu. Sahani nyekundu, chumvi nyekundu. Mfuniko ulikuwa umefungwa vizuri. Vumbi liliingilia wapi? Remorke ikikimbia, hewa iliyo nyuma yake inakuwa na nguvu ndogo, na kila ufa wa nyuma unanyonya vumbi ndani. Tulifanya mambo mawili: kauchu laini kuzunguka mfuniko wote, na tundu dogo la hewa mbele juu, lenye kichujio, linalofunguliwa gari likiwa njiani. Hewa ikiingia mbele inasukuma kutoka ndani, na vumbi linabaki nje. Safari iliyofuata chumvi ilirudi nyeupe.

Nimetaja hewa, kwa hiyo nisimame hapo, na sasa sifanyi utani. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unajua kushuka chini ya nyuzi 10. Mtu amelala ndani ya boksi dogo, baridi inapenya, mbabula iko nje na makala yake bado yana moto. Anasema, niiingize kidogo tu. Msiingize. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hakohoi, haamki. Kila msimu wa baridi mji huu unasikia habari ya nyumba ambayo hawakuamka, na hizo ni nyumba zenye vyumba. Ndani ya tone kuna hewa kiasi gani? Msiingize mbabula, msiingize jiko la gesi, hata la kupasha chai. Dawa ya baridi ni blanketi, na povu gumu la sentimita mbili na nusu kati ya mbao mbili za ukuta. Na tundu moja chini, moja juu, yasiyofungika kabisa. Watu wawili wakipumua usiku kucha kuta zinalowa. Bila matundu mtadhani dari inavuja. Milango iwe miwili, kulia na kushoto. Ukipinduka upande mmoja, mwingine uwe njia.

Na jiko lenyewe? Nimeangalia michoro ya Wamarekani. Meza ya jiko iko kiunoni, nzuri kwa kukaanga yai. Sasa niambieni, bamama, nani anasonga bukari kiunoni? Sufuria ya bukari inataka kuwa chini, imekanyagiwa, mpishi anaiinamia na mwiko kwa mikono miwili. Iweke juu ya meza ya tripleksi iliyoning'inia nyuma ya remorke, na baada ya dakika tano unasonga remorke nzima pamoja na aliyelala ndani. Kwetu mbabula ikae chini, hatua tatu kutoka mfunikoni. Kabati la nyuma liwe la kukatia mboga, kuhifadhi sombe na samaki, kuoshea vyombo. Kwa hiyo halihitaji kuwa refu kwenda ndani, na sentimita ulizookoa zirudi kitandani, kwenye miguu ya yule mzee wa 186. Hili sijaliona kwenye mchoro wowote wa kununua. Mchoro wa kununua haukujua tunakula nini.

Muda wa kujenga ni kiangazi, Mei hadi Septemba. Gundi inakauka, rangi inakauka, na mbao hazijajaa maji. Nunua kwa kufuata kazi: ekseli, springi na magurudumu kwanza, fremu baadaye, mbao zikifuata. Usinunue taa nzuri za ndani mwezi wa kwanza kwa sababu umeziona sokoni. Zitakaa kabatini zikikucheka.

Na sasa, ndiyo, umbo. Tumefika. Unajua gari linaruhusu kilo ngapi. Unajua kitanda kina urefu gani na kichwa kinainukia wapi. Una ubao wa 122 kwa 244. Unajua ekseli iko wapi. Umebaki na nini? Nukta chache: pua ya mbele, kilele juu ya kiuno, mkia chini ya mfuniko. Piga msumari mdogo kwenye kila nukta, chukua ufito mwembamba wa mbao au bomba la plastiki la umeme, upinde upite kwenye misumari yote. Ufito haukubali kona mbaya. Pale unapokataa kupinda, hata dari yako ya tripleksi ya milimita 3 itakataa, kwa hiyo usishindane nao, sogeza msumari. Kisha fuata na kalamu.

Tutafanya kwanza kwa katoni, kwa kipimo kamili. Makatoni ya friji yako nyuma pale karibu na harmoniamu, visu anavyo mwanagenzi wangu, utepe ninao mimi. Gawanyikeni wawili wawili, mrefu na mfupi, sogezeni mabenchi ukutani, na mrefu avue viatu alale.